Nyota Niliyomwonyesha Shemeji

Kuna watu hapa Busia mpaka leo wakiniona sokoni wananyamaza kidogo, na najua wananyamazia nini, kwa hivyo wacha niseme kwa mdomo wangu mwenyewe: mimi ndiye nilimpeleka shemeji yangu kwa wanajeshi, nikamkabidhi, tena nikitabasamu.

Ilikuwa Januari, miaka ya sabini, wakati kule Uganda watu walikuwa wakichukuliwa na hawarudi. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wetu wa Kenya, na nilikuwa nimejipatia jina kwa mambo ya nyota (hakuna aliyeniomba). Giza likiingia nawasimamisha wanafunzi na wazazi wao, nawaonyesha zile tatu za mstari mmoja zinazochomoza mashariki, ile nyekundu kushoto kwake, ile ya bluu kulia, na ile nyeupe kubwa inayozifuata kutoka chini. Watu wanasema, huyu mwalimu amesoma! Na mimi navimba.

Basi Wandera, kaka ya mke wangu, alikuwa karani ng'ambo, akasikia jina lake limetajwa kwenye kambi ya wanajeshi. Mke wangu akalia, nikavuka kumchukua nikiongozwa na Mama Nekesa, mwanamke aliyekuwa akipitisha chumvi na sabuni mashambani na kujua kila njia. Tukarudi jioni hiyo hiyo, jua limezama, mawingu yamefunga. Katikati ya shamba la mtama tukaona taa za gari. Mama Nekesa akasema, "Kaeni hapa hapa. Naenda kuangalia, narudi. Msitoke."

Tukakaa. Labda dakika kumi (kwangu zilikuwa kama mwaka). Tulikuwa tumezunguka mno, sikujua tena mbele ni wapi, halafu wingu likapasuka kidogo na nyota moja kubwa nyeupe ikatokea chini kabisa.

"Ile pale!" nikamwambia Wandera. "Ndiyo inafuata zile tatu. Hapo ni mashariki, Kenya iko hapo."

"Na zile tatu ziko wapi?"

"Zimefunikwa na wingu."

"Mwalimu, una hakika?"

"Shemeji, hii kitu mimi nafundisha."

Tukatembea tukiifuata mpaka barabarani, na hapo wanaume wawili wenye bunduki wakatumulika tochi usoni. Sikuogopa hata kidogo, nilijua ni askari wetu, nikanyoosha mkono kuwasalimu na kusema kwa furaha (maneno haya siyasahau), "Asanteni wakubwa, tumefika! Huyu amewatoroka wale washenzi wa ng'ambo."

Wakatazamana. Mmoja akauliza polepole, "Washenzi gani?"

Nikageuka kumwonyesha nilikodhani ni ng'ambo, na huko nyuma yetu mawingu yalikuwa yameachana: nyota tatu wima, nyekundu kushoto, bluu kulia, na nyeupe kubwa chini yake. Ile tuliyoifuata ilikuwa nyota ya jioni, ya magharibi, ambayo hata mtoto anaijua; nilikuwa nimeturudisha Uganda.

Mimi walinipiga, wakachukua viatu na saa, wakacheka, asubuhi wakaniambia nenda ukafundishe. Wandera walibaki naye. Mama Nekesa, nilikuja kujua, alirudi pale kwenye mtama muda mfupi baada ya sisi kuondoka, akakaa akitungoja hadi alfajiri.

Mama mkwe alinijia shuleni, mbele ya darasa, akaniuliza, "Mwanangu yuko wapi?" Watoto wote walikuwa wakinitazama.

Wandera aliachiwa baada ya miezi saba, amekonda, mkono wa kulia haufungi. Nikaenda kumwomba msamaha. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mwalimu, mimi niliona nyota ile si yenyewe. Lakini ulisema kwa nguvu, nikaona haya kukupinga."

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza jambo nisilolijua vizuri, hata kama ni mtoto, hata kama watu wamejaa wananitazama, nasema sijui. Nilijifunza neno hilo nikiwa nimechelewa miezi saba.