Yezreeli, Maksai Aliyekataa Kuitwa Petro

Saa kumi na mbili asubuhi, kijijini Nkoma, wilayani Itilima, wingu limetanda juu ya mashamba ya pamba. Nyanjige Maganga anakaza nira, kisha anapaza sauti: "Yezreeli! Kulia!"

Maksai mwekundu anageuka taratibu, kama mtumishi wa umma aliyebakiza wiki moja kustaafu.

Nyanjige (47), mjane, hulimia watu kwa Sh50,000 kwa ekari. Msimu ni wiki chache tu, na chakula chake cha mwaka mzima hutoka humo.

Jina la maksai lilitoka kanisani. Alizaliwa Jumapili ambayo mhubiri alieleza kuwa Yezreeli ni bonde la Israeli, na kwa Kiebrania maana yake ni "Mungu hupanda".

"Ndama wa kulima, ningemwita nani tena?" anauliza. Kwa Wasukuma, mtoto hubeba jina la tukio lililokuwapo alipozaliwa.

Wiki iliyopita, mzee wa kanisa Constantine Bujiku, mwenye shamba hili la ekari sita, alisoma sura ya kwanza ya Hosea, akashtuka: nabii alimpa mwanawe jina hilo kukumbusha damu iliyomwagika bondeni humo.

"Mayu," alimwambia Nyanjige, yaani mama kwa Kisukuma, "jina la damu haliingii shambani kwangu. Mwite Petro, au nitafute trekta."

"Baba, mimi nimeitwa Nyanjige kwa ajili ya nzige waliovamia nilipozaliwa. Mbona huogopi nitakula pamba yako?"

Mzee hakucheka. Ekari sita si mchezo, Nyanjige akakubali.

Mwisho wa mstari wa kwanza akaita: "Petro, geuka!" Maksai, aliyefunzwa miaka minne kwa jina moja, akanyoosha moja kwa moja hadi kwenye matuta ya viazi ya mzee. Monika, mdogo wake Nyanjige aliyeshika plau, akaburutwa akilia: "Petro! Paulo! Yeyote!"

Tuta la tatu lilipolala, sauti nene ikapaa: "Yezreeli! Simama!"

Alikuwa mzee mwenyewe. Maksai akasimama.

Jioni hiyo mzee alisoma sura ya pili, ambamo jina lilelile linarudi likiwa ahadi: Mungu atawapanda tena watu wake katika nchi. "Nilifunga kitabu mapema," anakiri.

Maksai wa pili katika jozi ni wa kuazima. Nyanjige amepata ndama wiki hii, na anatumaini kulima na jozi yake mwenyewe ndama huyo akikua. Mzee ameshaleta majina matano.

"Nimemwambia asome kwanza Biblia yote," anasema Nyanjige. "Ndama hana haraka."