Kome Bila Mvinyo

Mdogo wangu, nakumbuka vizuri swali lililoninyima usingizi kiangazi kile. Nikiwaomba wanisogezee tarehe ya kuanza kazi, watakubali, au watamwita mtu mwingine? Nilikuwa nimemaliza chuo, na baada ya kuomba kwingi nimepata kazi hapa London. Lakini tarehe yenyewe iliangukia wiki ya harusi ya dada yangu kule Mombasa, na dada ninaye huyo mmoja tu. Barua pepe ya kuwauliza niliiandika na kuifuta mpaka nikaikinai.

Nilikuwa nikikaa Woolwich kwa Shangazi Mwanaisha, ambaye ni muuguzi. Alikuwa anakwenda likizo kaskazini kabisa mwa Scotland, kwenye visiwa ambako wakati wa kiangazi jua halina haraka ya kuzama. Akanichukua. "Ukafikirie huko," alisema. "Hapa umenimalizia majani ya chai."

Jioni ya kwanza tuliingia mkahawa mdogo karibu na bandari. Walikuwa na kome waliotolewa baharini asubuhi ile. Nikasoma menyu: wamepikwa kwa mvinyo. Nikasema basi, mimi nitakula chipsi.

"Umesafiri kutwa nzima uje kula chipsi?"

"Wana mvinyo, Shangazi."

"Si waulizwe?"

"Tutawasumbua. Halafu wakikataa tutaona haya."

Akaweka menyu chini. "Mwanangu, wewe ushauliza, ushajibiwa na ushanyimwa, na mpishi mwenyewe hata hajui kama umeingia!"

Akamwita mhudumu, akamuuliza. Mhudumu akaenda jikoni, akarudi akitabasamu: watatupikia kwa siagi, kitunguu saumu na ndimu. Hakukuwa na zaidi ya hapo.

Kome wakaja ndani ya sufuria, moshi unafuka, magamba meusi yamefunguka. Nyama yake ilikuwa laini, tamu, na chumvi ya bahari bado imo. Mchuzi tuliumaliza kwa mkate. Shangazi akasema wamekosa tui la nazi tu, kisha akaagiza sufuria ya pili. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, nilikula bila kuwaza kitu.

Nakuandikia haya kwa kuwa nasikia siku hizi nawe hulali. Swali lako lipeleke kwa mwenye jibu. Usimjibie mtu ambaye hujamuuliza, maana wewe utamjibia vibaya kuliko yeye mwenyewe. Huenda akakataa, ni kweli, lakini hapo utakuwa umekataliwa mara moja tu, si kila usiku. Mungu akupe ujasiri wa kuuliza na kifua cha kupokea jibu lolote.

Mimi asubuhi yake, kabla hata ya chai, nilipiga simu kazini. Akapokea mama mmoja. Nikamwambia naomba kuanza baada ya harusi ya dada yangu.

"Anaolewa lini?" akauliza. "Tupange tarehe nyingine."