Kilichotolewa Kwanza

Mwenzangu ndiye aliyetaka tuwe na ghala letu wenyewe. Tulikuwa wanawake wawili tukiandika programu za zahanati ndogo za kisiwani. Kila programu tuliifunga pamoja na vyote inavyohitaji, ili zahanati iipokee na kuiendesha bila kuhangaika. Mizigo hiyo twaiita imeji. Mwanzo tuliziweka katika ghala la kampuni moja ya ng'ambo. Asubuhi moja zahanati ya Tudor ikakwama, wagonjwa wamejaa mabenchini, na ghala lile likakataa kutupa imeji yetu wenyewe, eti tumepakua kupita kiasi. Tulishinda tukisubiri. Mwenzangu akaapa kwamba hayatamfika tena.

Akatafuta kompyuta iliyokwisha tumika, akaigeuza seva, akaiweka kwa babake, Mji wa Kale, katika chumba cha chini chenye kuta nene zisizoshika joto. Tangu hapo zahanati zote zikawa zachota imeji kwetu.

Babake ni maalim, na chumba kile ndicho alichowekea vitabu vyake. Vingi ni vya kununua, lakini katika sanduku moja mlikuwa na vya mkono wa babu yake: mashairi na dua, Kiswahili kwa hati za Kiarabu, karatasi zimegeuka rangi ya chai. Alipouliza mashine ile ni ya nini, mwenzangu alimwambia kwa fahari kwamba zahanati zote zaitegemea. Maalim akaridhika. Akawa akiipangusa vumbi mwenyewe, na mgeni akiuliza kinachovuma mle ndani ni nini, humjibu kuwa ni chombo cha wagonjwa.

Masika yaliyofuata mtaro wa kichochoroni uliziba. Tulikuwa juu twala chakula cha mchana tuliposikia maji yaingia. Maalim akazima umeme wa nyumba nzima, akakimbilia mlangoni na magunia kuyazuia. Mimi na mwenzangu tulisimama katika maji ya magotini, seva upande huu, sanduku upande ule. Mwenzangu akasita, akamtazama babake.

"Kitoeni hicho cha wagonjwa kwanza," Maalim alisema. "Vitabu vyangu vitangoja."

Tukakitoa. Ngazi za nyumba ile ni nyembamba tena wima, tukapanda polepole tukiogopa kukiangusha. Tuliporudi, sanduku lilikuwa limepinduka, na karatasi zaelea kila pembe ya chumba.

Tulizianika darini, moja moja. Wino ulikuwa umetoka. Nyingine zilibaki na kivuli cha maandishi, nyingine zilikuwa nyeupe kabisa. Maalim alizigeuza kwa ncha za vidole. Siku kadhaa baadaye, tukiwa bado twaanika, alimuuliza bintiye kama kile chombo kimepona. Akaambiwa kimepona.

"Na kingeharibika, ingekuwaje?"

Nilitamani mwenzangu amdanganye. Hakumdanganya.

"Tungezijenga programu upya, baba. Maandishi yake tunayo kwengineko."

"Kwa muda gani?"

"Jioni moja."

Maalim akaitikia kwa kichwa. Akaomba aletewe karatasi zilizosalia.

Mpaka leo najiuliza kwa nini pale majini hakuna kati yetu aliyelisema hilo. Nadhani tulikuwa tumezoea kuiona seva ile kama roho ya kazi yetu, na mzee alipotaja wagonjwa, tukaamini pamoja naye.

Sasa rejista yetu, ndivyo tuliitavyo ghala lile la kwenye seva, iko orofa ya juu, na nakala yake iko kwangu Tudor. Ijumaa baada ya sala Maalim huketi na bintiye, akasoma mashairi anayoyakumbuka, naye akayapiga chapa. Liko shairi moja refu alilofundishwa utotoni. Hulianza vizuri, sauti imetulia, hadi karibu na kati. Hapo ubeti unaofuata humpotea, akafumba macho, kisha akamwambia bintiye waendelee na jingine.