Msitu Uliobaki Ndani ya Miwani

Kalista anatembea darasani kama jogoo aliyefungwa kitambaa machoni. Mikono mbele, shingo juu. Upepo wa baridi wa Ufipa unaingia kwenye madirisha yasiyo na vioo, lakini yeye hana habari. Yuko msituni.

"Usiupapase huo mti, ni Timoth!" wenzake wa kidato cha pili wanamzomea.

Usoni amevaa miwani ya uhalisia pepe, dude jeusi kama nusu tofali linalomwonyesha msitu pande zote. Atupele, mwenye umri wa miaka 34, anamfuata nyuma asije akabusu ukuta.

"Tazama chini," anamwelekeza. "Majani yanayooza hunywa mvua, kisha huitoa polepole. Ndiyo yanayolisha hicho kijito."

"Madamu, hapa ni Kongo?"

"Ni pale, nyuma ya choo chenu."

Darasa linaangua kicheko. Kisha wanageukia dirishani, na kicheko kinakatika chenyewe. Nyuma ya choo kuna kilima cha visiki na matanuri mawili ya mkaa. Kijito hakipo.

Atupele alitoka Mbeya kuja kufanya kazi katika mradi mdogo wa mazingira. Waliurekodi msitu huu wa karibu na Mpui ukiwa bado umesimama. Mradi ukafungwa, wenyewe wakaondoka, miwani sita ikabaki kwake. Inayowaka ni miwili. Posho hakuna, kwa hiyo anauza maandazi mjini Sumbawanga, na siku za shule anapanda bodaboda, boksi mapajani.

"Mama anauliza kama nimeolewa na hilo boksi," anasema. "Namjibu, angalau halirudi limelewa."

Kilichosalia cha msitu ni korongo moja lenye miti na chemchemi. Shule inakunywa hapo, kijiji kinakunywa hapo. Mwezi uliopita alimpelekea miwani mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Lazaro, akitumaini moyo wake utalainika.

Ulilainika. Mzee aliuona mti uliobeba mzinga wa nyuki wa marehemu baba yake, akatokwa na machozi. Kisha akaivua miwani.

"Akaniambia, 'Mwanangu, umefanya vizuri. Kumbe msitu umeshahifadhiwa humu. Basi korongo tugawane, tulime ulezi,'" anasimulia Atupele. "Nilisubiri acheke. Hakucheka."

Nyumbani kwake, Mzee Lazaro hakani. "Ulezi unapenda majivu ya miti. Nina wajukuu tisa. Wao watakula miwani?"

Mkutano wa kijiji utaamua Jumamosi. Atupele si mkazi, hana kura. Ameomba tu apewe nafasi ya kuzungumza.

Ameazima kamera, akaiweka juu ya jiwe lilelile la kilimani walikorekodia zamani, akarekodi visiki vya sasa. "Nitawavalisha msitu kwanza. Wakishazoea, nawabadilishia. Pale walipoona mzinga, waone kisiki. Mzee Lazaro ataanza. Nimemwandalia kiti, maana ataanguka."

Na wakishaona, bado wakataka ulezi?

Anafunga boksi kwa mpira wa tairi. Kalista anamsaidia kushika kifuniko.

"Madamu, mbona korongo halimo kwenye miwani?"

"Halimo, na sitaliingiza. Nikiliingiza tu, watasema nalo limehifadhiwa." Anakaza fundo. "Ukitaka kuliona, pita nyuma ya choo, shuka. Nenda leo."