Tangi Lililolipwa Mara Tatu

Mouridi hakuwa na shamba wala duka. Alikuwa na sauti. Watu wa Mutsamudu, kisiwani Ndzuani, wangeweza kubishana kutwa nzima kuhusu sura yake, maana masikio yalikuwa makubwa na meno yameachana, lakini ilipofika kwenye sauti hakuna aliyefungua mdomo kupinga. Akiita jina lako kutoka uwanjani, utalisikia ukiwa jikoni, mlango umefungwa na mafuta yanachemka.

Ndiyo maana tangu ujana wake mtaa ulimpa kazi ya kutaja michango ya harusi, na kwa heshima akaitwa Fundi. Kule harusi kubwa ni jambo la mji mzima, na kinacholetwa hakipokelewi kimyakimya. Hutajwa hadharani, jina la aliyeleta na kitu chenyewe, kuanzia ng'ombe hadi kilo moja ya mchele. Na mtaani kwa akina Mouridi kulikuwa na nyongeza iliyowanyima watu usingizi: ukiahidi usilete, ahadi yako itatajwa tena kwenye harusi inayofuata, na nyingine baada ya hiyo, mpaka ulete au uhame mji.

Harusi ya kwanza aliyopewa, mjane mmoja alileta nazi mbili. Mouridi akamwonea haya, akamruka. Mama yake, Bi Mounira, mwanamke mfupi asiye na mzaha hata kidogo, alimfuata palepale mbele ya wazee.

"Yule mama kaleta nazi mbili," alimwambia. "Rudi ukazitaje."

"Mama, ni nazi mbili tu."

"Nani kakuuliza ni ngapi? Rudi."

Alirudi, masikio yanawaka, akazitaja. Mjane akainua kichwa, akajifunga nguo yake ya shiromani vizuri, akakaa kama wenzake. Mouridi hakumruka tena mtu.

Sauti hiyohiyo ndiyo iliyompeleka Moroni, mji mkuu, kisiwa kingine. Bunge lilihitaji msomaji, kwa sababu kanuni zake zilisema karatasi ya bajeti isiyosomwa mbele ya wabunge huhesabika kuwa haikuletwa. Mouridi alikuwa na Kifaransa cha shule, nacho kikatosha. Alipanga chumba Mvouni, juu kule kwenye baridi, kodi ikiwa nafuu, na kila asubuhi aliteremka mjini kwa miguu, viatu vya kazi mkononi ili soli zisiishe. Alivivaa mlangoni pa Bunge, akajifuta jasho, akaingia kuwasomea wakubwa fedha za watu.

Huo ulikuwa mwaka wa tatu tangu askari wa kukodiwa washuke pwani na kubadilisha serikali. Wazungu wenye sare nyeusi. Ungewakusanya wote kwenye karamu moja ya harusi, na wali ungebaki, lakini nchi nzima iliwapisha njia. Bajeti ikijadiliwa, mmoja wao alikuja kukaa nyuma ya ukumbi, mguu juu ya mguu, bastola kiunoni, anatafuna kitu. Hakusema neno. Ila wabunge waliokuja na maswali mfukoni waligundua ghafla kwamba maswali yenyewe hayakuwa muhimu kiasi hicho.

Mouridi alimchukia mtu yule. Tusizungushe maneno: alimchukia kutafuna kwake, alichukia buti zake kwenye sakafu aliyoipiga deki maskini wa watu, na zaidi ya yote alichukia namna wanaume wazima walivyoshusha sauti wakipita karibu naye. Lakini alikuwa na mshahara, na mshahara humfunza mtu kutazama dari.

Siku moja mbunge wa Mutsamudu, Mheshimiwa Anli, mtu mwembamba mwenye kikohozi kisichoisha, alisimama na swali halikumponyoka. Aliuliza habari za tangi la maji la mtaa wa juu. Kwenye bajeti ya mwaka juzi lililipwa. Ya mwaka jana likalipwa tena. Ya mwaka huu lipo, jipya kabisa, bei imepanda. Je, ni matangi matatu au ni moja linaloolewa kila mwaka?

Ukumbi ulicheka. Mouridi hakucheka. Mtaa ule wa juu ndiko alikokaa dada yake Hayati, na Hayati alipanda ngazi mia moja na kumi na mbili na ndoo kichwani, asubuhi na alasiri, akiwa na mgongo ambao daktari alikwisha kuukatia tamaa. Sasa kilichomchoma Mouridi si mgongo tu. Tangi lile alilisoma yeye. Mara tatu, kwa sauti ile ile ambayo mji wake uliiamini, alitaja kitu ambacho hakijaletwa, akafunga jalada, akaenda kula.

Anli aliomba iundwe kamati ya uchunguzi iende Mutsamudu ikaangalie kwa macho. Ikapigiwa kura. Mikono yote ikainuka, hata ya watu wa serikali, tena kwa tabasamu. Mouridi aliporudi Mvouni jioni ile, alipanda mlima akiimba.

Asubuhi ndipo alipoelewa lile tabasamu. Bwana Maoulida, katibu wa Bunge, alimkabidhi jalada la siku, na ukurasa wa arobaini na wa arobaini na moja ulikuwa umebanwa pamoja kwa pini mbili.

"Hizi soma kama moja, Fundi," Maoulida alisema, macho yakiwa dirishani.

Mouridi alichungulia. Ukurasa wa arobaini na moja ulikuwa na mstari mmoja tu: fungu la kamati ya uchunguzi, nauli za kwenda Ndzuani, malazi, karatasi. Faranga laki mbili.

"Bwana Katibu, huu usiposomwa, kamati haina nauli."

"Kamati ipo. Imepigiwa kura. Nani kaivunja?"

"Itakwenda Mutsamudu kwa kuogelea?"

Maoulida hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto saba na nyumba ambayo haijaezekwa. Alimsogelea, akanong'ona: "Ndugu yangu, mimi nimeambiwa, na wewe nimekuambia. Yule anayetafuna huko nyuma hakuja kusikiliza ushairi. Ukurasa ukiuruka, hakuna atakayejua."

"Hayati atajua."

"Hayati ni nani?"

Mouridi alichukua jalada. Alikwenda kusimama mahali pake.

Alianza kusoma, na namba za kurasa zikapanda. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Nyuma kule, askari alikuwa amefumba macho. Kwenye benchi za wananchi walikaa watu kama ishirini, wengi wao wachuuzi waliokwisha kuuza samaki wao pale bandari ya zamani na waliokuja kukimbia jua. Alimaliza wa arobaini. Akazishika pini. Pini ya kwanza ilimchoma kidole, ya pili ikaanguka sakafuni, na kwa jinsi ukumbi ulivyokuwa kimya, ilisikika. Maoulida alifunika uso kwa kiganja. Mouridi akausoma ukurasa wa arobaini na moja, neno kwa neno, polepole kuliko kurasa zote.

Spika alikohoa. Msemaji wa serikali alisimama, suti yake imenyooka, na wala hakukasirika. Alisema serikali inauheshimu sana uchunguzi. Kwa bahati mbaya fungu limesomwa lakini fedha zake hazipo. Nchi ni maskini, wote tunajua. Kamati ivute subira, mwakani Mungu akipenda.

Hapo Mouridi aliwaka moto. Nchi ni maskini! Ilikuwa na fedha za kununua tangi moja mara tatu, ilikuwa na fedha za yule mwenye buti, ikakosa nauli ya watu watatu kuvuka maji kwenda kutazama. Alijua kazi yake imekwisha kwa ukurasa ule; kitumbua chake kilikwisha kuingia mchanga. Basi akapiga moyo konde. Aliweka jalada chini, akavuta pumzi mpaka tumboni, na badala ya Kifaransa cha shule akatoa lugha ya nyumbani, kwa sauti ile ya uwanjani.

"Mchango wa nauli ya kamati! Mouridi wa Mutsamudu, msomaji: faranga elfu mbili!"

Alizitoa mfukoni, akaziweka mezani mbele ya Spika. Zilikuwa kodi ya chumba.

Kisha kwenye benchi za wananchi aliinuka mwanamke mzee, muuza samaki aliyeitwa na Moroni nzima Koko Djaouharia, yaani bibi Djaouharia. Alifungua fundo la leso yake.

"Mwanangu, mimi nina mia tatu. Nitaje!"

"Koko Djaouharia: faranga mia tatu!"

"Na kapu la samaki wakavu, wale njiani. Wabunge hawa hawajui kusafiri na njaa."

"Na kapu la samaki wakavu!"

Basi likawa si Bunge tena. Watu walishuka kwenye benchi na mia zao na hamsini zao, na Mouridi akawataja mmoja mmoja, hakuna aliyekuwa mdogo mno. Mbunge mmoja wa upande wa serikali alijikuta amesimama na noti mkononi. Desturi ilikuwa imemzidi nguvu kabla hajakumbuka hofu. Maana nani wa visiwa vile atasikia michango ikitajwa na asitie mkono mfukoni?

Askari alifumbua macho. Alikuja mbele na buti zake, akasimama uso kwa uso na Mouridi.

"Unasema nini?" aliuliza kwa Kifaransa.

"Nasoma, bwana," Mouridi alimjibu. "Ndiyo kazi yangu."

"Unasoma nini? Huna karatasi."

"Majina ya wenye nchi. Nimeyahifadhi."

Alikuwa anaogopa, na alilijibu swali lile akiwa anaogopa hivyohivyo. Spika aligonga meza na kuahirisha kikao. Lakini fedha zilikwisha kutajwa, na kitu kilichotajwa mbele ya watu hakuna mwenye uso wa kukirudisha. Anli alizikusanya kwenye kofia yake, elfu ishirini na moja na mia nne, akatoka nazo huku anakohoa.

Wale wenye sare nyeusi walimchukua Mouridi mchana uleule. Walimweka siku tisa kwenye chumba kisicho na dirisha, na yaliyompata humo hakupenda kuyasimulia. Alisema tu kwamba aligundua ana mbavu nyingi kuliko alivyodhani. Walipomwachia alikuta barua ya kufukuzwa kazi imetiwa saini na Maoulida, na ndani ya bahasha ileile noti ya faranga elfu moja, bila neno lolote. Akapanda chombo akarudi Mutsamudu.

Kamati ilikuwa imekwisha kufika kabla yake. Watu watatu walilala sitahani, wakala samaki wa Koko Djaouharia, wakapanda ngazi mia moja na kumi na mbili, Anli akipumzika mara sita. Juu walikuta msingi wa saruji, hatua nne kwa nne, na mbuzi amefungwa juu yake. Walipima, wakaandika, wakapeleka ripoti Moroni. Ripoti ikafungiwa kabatini. Haikupangiwa siku ya kusomwa, na kwa kanuni za Bunge, kisichosomwa hakikuletwa.

"Kwa hiyo ulipigwa bure, kaka," Hayati alimwambia, ndoo bado kichwani.

"Subiri kwanza," Mouridi alisema. "Kuna harusi Jumamosi?"

Ilikuwepo. Binti wa Mouzaoir, mfanyabiashara wa mji jirani wa Mirontsy, alikuwa akiolewa mtaani pale, na uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya kuta. Mouridi alitaja michango yote, ng'ombe, dhahabu, magunia, nazi. Alipomaliza hakushuka. Akakumbusha, kama desturi ya mtaa ilivyotaka, ahadi zilizochelewa: fulani, bati kumi. Fulani, mbuzi. Kisha akavuta pumzi.

"Na serikali: tangi moja la maji, limelipwa mara tatu. Halijaletwa!"

Halafu kutoka juu ya kuta wanawake walipiga vigelegele hadi ng'ombe wa harusi wakakata kamba.

Alilitaja harusi iliyofuata, na baada ya hiyo. Watu wa Mirontsy wakaanza kumwita kwenye harusi zao ili walisikie na wao. Mwisho serikali ikaja kwa miguu yake: polisi wa jandarme, Rachadi, kijana wa mjini pale aliyevaa kofia ya kazi, na nyuma yake mzungu mmoja mwenye sare nyeusi. Walimkuta Mouridi uwanjani, harusi imepamba moto.

"Fundi," Rachadi alisema kwa unyenyekevu, maana Mouridi ndiye aliyetaja michango ya ndoa ya wazazi wake. "Nimetumwa. Lile tangi unatakiwa uache kulitaja."

"Mwanangu, mimi sina neno," Mouridi alimjibu, na hakushusha sauti, hakujua inashushwaje. Kila mtu uwanjani alimsikia, na jikoni pia. "Waambie waliokutuma walilete. Siku hiyohiyo nitataja kwamba limefika, na nitawashukuru kwa majina."

Rachadi alimtazama mzungu. Mzungu aliutazama uwanja, watu mia tatu waliokuwa wameacha kula. Na Mouridi, mbavu bado zinamuuma akivuta pumzi, akaivuta hivyohivyo mpaka tumboni, akaligeukia kusanyiko.

"Na serikali: tangi moja la maji!" aliita.

Safari hii hakulimalizia yeye. Uwanja mzima ulimalizia, na dada yake Hayati juu ya ukuta kwa sauti kuliko wote:

"Halijaletwa!"