Soketi Nyeusi ya Kibonge

Mjomba alikuwa na gereji ya malori na macho mawili, na macho ndiyo yaliyotangulia kuchoka. Asubuhi moja akatangaza kwamba ufunguo wa kabati la zana, ambao ndio uongozi wa gereji, atamkabidhi atakayefungua nati kumi za gurudumu la nyuma la lori la matofali bila kuharibu hata moja.

Waliokuwa wakiutaka ni wawili. Kibonge, mpwa wake, alikuwa amekwisha kula grisi ya gereji ile miaka kumi na mmoja. Mwenzake alikuwa Mkwe, mume wa binti wa Mjomba, aliyekuja mwezi uliopita na boksi la soketi, vile vikombe vya chuma vya kufungulia nati, vinavyong'aa kama meno ya bwana harusi. Tangu hapo hakuwahi kufika kazini kabla ya saa nne. Kibonge alijua fika: ufunguo ukienda kwa Mkwe, yeye atabaki na ufagio.

"Anza wewe, shemeji," alimwambia kwa upole uliotia shaka. "Mgeni hutangulizwa."

"Usije ukalia."

"Nimebeba leso."

Mkwe akachagua soketi yenye kona kumi na mbili ndani, kwa sababu huingia upesi, haina haja ya kutafutiwa nafasi. Kibonge ni mtu wa sala, na dhamiri ikamsuta.

"Shemeji, hiyo ni ya nati nyepesi. Hizi zilikazwa kwa mashine, na kutu imezifungisha ndoa."

"Hayo ni maneno ya sizitaki mbichi hizi."

Basi Kibonge akawa amenawa mikono. Akaketi juu ya tairi, akamenya chungwa.

Mkwe akachomeka mpini, akavuta. Soketi ikateleza, nati ikanyolewa kona zake zote. Ya pili, vile vile. Kwenye ya tatu soketi yenyewe ikapasuka ubavuni, na Mkwe akakaa chini bila kukaribishwa.

"Pole, shemeji. Umekaa vizuri? Nikuletee mto?"

Mjomba akakohoa. Kikohozi kile kilikuwa na kicheko ndani yake.

Kibonge akafuta vidole, akatoa soketi yake nyeusi, nene, isiyo na mng'ao wowote, ya kona sita. Akaivika kwenye nati ya tatu, kisha akaitikisa. Ndiyo desturi yake: soketi ikicheza hata kidogo, huirudisha kabatini. Hii haikucheza.

"Hii hukumbatia mbavu za nati," alimweleza Mkwe. "Yako hushika ncha tu. Na mtu ukimshika ncha ya shati, si anachoropoka?"

Akarefusha mpini kwa kipande cha bomba, akamtaja Mungu, akakikalia. Mwili uliotaniwa na mtaa mzima ukafanya kazi. Nati ikalia, ikalegea, na saba nyingine zikafuata. Zile mbili zilizonyolewa akazipigilia kwa nyundo soketi ndogo kidogo, ya kona sita vile vile, zikatoka zikinung'unika.

Mjomba akaingiza mkono mfukoni, akamsogelea Mkwe. Mkwe akakinga kiganja, uso umechanua.

"Nishikie miwani," alisema Mjomba, akamwekea miwani. Ufunguo akaupeleka kwa Kibonge.

Mkwe akaifuta ile miwani kwa pindo la shati. Kisha akauliza, "Sasa shemeji, kesho tunafungua saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi, siyo ile saa nne yako."