Siku Niliyopokea Posa kwa Shingo ya Upande

Mwenzenu sijapata kuadhirika kama siku ya posa ya dada yangu Zuhura, na msidhani nilimtukana mtu, la, mdomo wangu siku hiyo ulikuwa na adabu zake zote, kilichonifedhehesha ni shingo. Shingo hii hii mnayoiona. Mpaka leo nikifika kwetu Mbuchi kuna watu wananisalimia kwa kugeuza vichwa vyao kulia, na mimi naitikia, ningefanyaje?

Mimi ni fundi simu hapa Kibiti. Kutwa nimeinama juu ya simu za watu, kidevu kimegusa kifua, na ndivyo kichwa kilivyonianza, tena kama mzaha: kinaanzia kisogoni, kinapanda polepole, kinakuja kukaa nyuma ya jicho la kulia, na nikigeuka kumwitikia mteja ndiyo kinazidi. Nikala vidonge vya maumivu kama mtu anayekula karanga (hilo msiniige). Mama yangu akasema ni pepo, nifukiziwe. Mke wangu Hadija akauliza pepo gani huyu anayekuja saa za kazi tu, Ijumaa mchana nikifunga kibanda hayupo.

Hadija ndiye aliyenipeleka kwa Mama Lin. Mama Lin ni Mchina, mwanamke wa makamo, mfupi, ana chumba chake nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, anachua watu kwa mikono namna ya kwao, na Kiswahili chake amekiokota sokoni kwa hiyo ni kifupi lakini kinafika. Akanikalisha kwenye kigoda, akanipapasa shingo pingili kwa pingili, akafika mahali pale chini ya fuvu, akabonyeza. Niliruka.

"Kichwa hapana ugonjwa," akasema. "Shingo ugonjwa. Kichwa analia tu."

Basi akanitandikia kitambaa cha moto mabegani, akaanza kunizungushia mgongo wa mkono wake kutoka begani kwenda shingoni, taratibu, kama anayesukuma chapati, halafu dole gumba likaingia kisogoni likakaa hapo hapo mpaka machozi yakanitoka, halafu akanibana mkononi, katikati ya kidole gumba changu na cha shahada (nikajiuliza mkono umemkosea nini), na mwisho akakishika kichwa kwa viganja viwili akakivuta juu pole pole, wala hakukizungusha. Nilipoinuka, kichwa kilikuwa chepesi nikajiona naweza kukiacha mezani nikaenda zangu.

"Bado," akasema Mama Lin. "Utarudi tena, tena. Usibebe kitu. Usicheze na shingo."

Nikasema sawa, mama, nimekuelewa.

Siku chache baadaye tukaenda Mbuchi mimi na Hadija, maana baba ni marehemu na mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo wageni wa posa ya Zuhura nilitakiwa niwapokee mimi. Walikuwa wanatoka Mkongo, mbali kweli, pikipiki halafu mtumbwi wa mashine kupita kwenye mikoko, watu wazima na kanzu zao. Nimekaa barazani nawasubiri, nimevaa, nimejipulizia marashi, niko na mjomba Athumani, kaka yake mama, ambaye amekata mikoko maisha yake yote na shingo yake imekaza kama boriti. Nikamweleza habari za Mama Lin, na nilivyoeleza, mtu angedhani tumesoma naye darasa moja.

Mjomba akasema, "Hebu nionyeshe huyo Mchina anafanyaje."

Hapo ndugu zangu ningeeleza kwa mdomo yangeisha. Lakini nilikuwa nimenoga. Nikaonyesha kukanda, nikaonyesha kubonyeza, kisha nikaongeza la kwangu, ambalo Mama Lin hakunifanyia hata siku moja, nililiona kwenye video ya simu: nikashika kidevu kwa mkono huu, kisogo kwa mkono huu, nikasema, "Halafu hapa, mjomba, ndipo anapomalizia," nikakizungusha kichwa changu mwenyewe kulia. Ka!

"Loo, imelia!" mjomba akapiga makofi.

Ilikuwa imelia kweli, ila haikurudi. Nilijaribu kutazama mbele, upanga ukapita kisogoni. Nikajaribu tena, nikaona nyota mchana kweupe. Na pale pale, kabla sijamwambia mjomba neno, nikasikia, "Hodi hapa! Asalaam alaykum!"

Mtu mwenye akili angesema jamani, nimeteguka. Mimi nikajiambia italegea yenyewe, maana nitasemaje mbele ya mama, ambaye alishasema niachane na Mchina?

Wageni wakakaribishwa. Wanaume wakakaa kwenye jamvi mbele yangu, na wanawake waliofuatana nao wakaketi pembeni, kulia, wakisubiri kuingizwa ndani. Kulia! Na katika hao aliyekaa sawasawa na macho yangu alikuwa Bi Mwajuma, shangazi yake bwana harusi, mjane, mama mwenye afya yake, kavaa dera la kijani. Mshenga wao, Mzee Kombo, akakohoa, akaanza maneno yake mazuri kwamba wameona ua katika nyumba hii, na mimi namsikiliza huku nimemkodolea macho Bi Mwajuma.

Bi Mwajuma akaweka sawa mtandio. Nikajaribu kuangalia chini, shingo ikakataa. Nikafumba macho, ikawa kama nimesinzia mbele ya wageni, nikayafumbua haraka.

"Bwana Seif," akasema Mzee Kombo, "mimi niko huku."

"Nakusikia mzee wangu, endelea tu."

"Kusikia unanisikia, lakini maneno haya ni ya kutazamana."

Nikajikaza nigeuke, maumivu yakanishika mpaka machozi yakanichuruzika, na sasa nikawa mtu mzima anayemwangalia mjane wa watu huku analia. Nikasikia ndani, nyuma ya pazia, Hadija anaguna, na mguno wa Hadija naujua.

Bi Mwajuma akashindwa kuvumilia. "Kaka," akasema, "wewe leo umekaa hapa kuoza mke au kutafuta mke?"

Vijana wao wakainamisha nyuso. Mzee Kombo hakucheka. Alikusanya kanzu yake, akaanza kuinuka. "Tumetoka mbali," akasema, sauti imeshuka. "Kama hamtutaki, semeni. Hili la kugeuziwa uso sisi hatukulizoea."

Hapo moyo ukanipasuka. Zuhura alimsubiri kijana yule kwa subira, amekataa wengine kwa ajili yake, na mimi kaka mtu nayaharibu yote kwa sababu ya kujionyesha. Nikafungua mdomo niseme ukweli, lakini pazia likaruka kabla yangu, akatoka Zuhura mwenyewe, kanga mbili, hina bichi mikononi, mwari ambaye siku hiyo hatakiwi kuonekana wala kusikika, kumbe alikuwa akituchungulia barazani tangu mwanzo.

"Mzee, msiondoke!" akapaza sauti. "Kaka shingo imemteguka, alikuwa anajifanya Mchina! Hamkatai mtu, na mimi nimekubali!"

Halafu akajitambua amesimama wapi, akajifunika uso kwa kanga akakimbilia ndani, na baraza likalipuka. Mjomba Athumani alilala chali kwa kicheko, yeye aliyeniambia nionyeshe! Mzee Kombo akaketi tena, akafuta macho. "Basi mimi kazi yangu imekwisha," akasema. "Tulikuja kuuliza, tumejibiwa kabla ya chai."

Aliyenirudisha Kibiti ni bwana harusi, Salumu, ambaye kwa desturi alikuwa kajificha kwa jirani akisubiri habari. Mkutano wangu wa kwanza na shemeji yangu ndio huo, mimi nimemwegemea begani naitazama mikoko ya upande mmoja tu. Hospitali wakanipima, wakasema hakuna kilichovunjika. Ndipo nikaenda kwa Mama Lin.

"Nani amevuta?" akauliza.

"Mimi."

"Wewe fundi simu. Mimi nikifungua simu yako na kisu cha jikoni, utafurahi?"

Akaweka kitambaa cha moto, akaanza mbali, mgongoni, hata hakuigusa shingo mpaka ilipotulia, na ilinichukua kurudi kwake mara nyingi ndipo nikaweza kuwatazama watu mbele.

Zuhura ameolewa, yuko Mkongo, ana raha zake. Kichwa nacho siku hizi kinanijia mara moja moja, nami nimejifunza kuinua simu badala ya kuinamisha shingo. Lakini nimeapa, mikono yangu haitagusa tena kichwa cha mtu, cha kwangu kikiwa cha kwanza. Juzi tu tumekaa nyumbani, jirani akaingia analalamika, "Jamani, shingo hii inanibana." Nyumba nzima ikageuka kunitazama. Nikafungua mdomo nianze kueleza.

"Seif," akasema Hadija, bila kuacha kuchambua mchele, "kaa chini."

Nikakaa.